Ufunguo Mmoja, Tranka Mbili: Kwa Nini Dawa ya Mzio Hukausha Kinywa

Shangazi yangu alifundisha darasa la tatu mjini Tanga kwa miaka mingi, enzi za chaki na ubao mweusi. Vumbi la chaki lilikuwa adui yake. Kila akifuta ubao, chafya zilifuatana saba hata kumi, macho yakawasha, pua ikatiririka. Kinga yake ilikuwa kidonge kidogo cha manjano ambacho nyumba nyingi za Afrika Mashariki zinakijua kwa jina la Piriton. Akikimeza asubuhi, chafya zilikoma. Ila kufikia kipindi cha tatu, ulimi ulikuwa umegandana na kaakaa, midomo imepasuka na sauti imekwaruza. Kwa hiyo droo ya meza yake haikukosa pipi za ndimu. Alimumunya moja baada ya nyingine mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

"Imenikausha mafua, imenikausha na mate," alikuwa akisema. "Ndiyo nguvu ya dawa, mwanangu."

Nilikua nikiamini hivyo, na si peke yangu. Simama kidogo kwenye duka la dawa uwasikilize wateja: dawa inayolevya na kukausha huitwa kali, na kali ndiyo inayosemwa kutibu. Imani hiyo imewagharimu watu sauti, macho na meno. Lakini wanasayansi wamefuatilia jambo hili kwa zaidi ya miaka 100, na walichokigundua ni tofauti. Kinywa kukauka si ushahidi kwamba dawa imefika inakotakiwa. Ni ushahidi kwamba imefika na kwingine.

Kuvu moja, siri mbili

Mwaka 1904 daktari kijana aitwaye Henry Dale aliajiriwa kwenye maabara ya utafiti ya Wellcome, London. Mwajiri wake alimshauri aichunguze ergoti, kuvu inayoota kwenye masuke ya rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano. Kuvu hiyo iliogopwa Ulaya kwa karne nyingi. Waliokula mkate wa unga ulioingiwa nayo walipatwa na degedege, na wengine vidole na miguu vilikufa ganzi, vikaoza. Hata hivyo, wakunga waliitumia kwa kiasi kidogo kuharakisha uchungu wa uzazi. Kitu chenye nguvu za namna hiyo hakikosi kuficha kemikali za kila aina, na Dale na wenzake wakaanza kuzitenga moja moja.

Mojawapo ilikuwa histamini. Mwaka 1910 Dale na mwenzake Patrick Laidlaw walieleza yanayotokea kemikali hiyo ikiingizwa mwilini mwa mnyama: shinikizo la damu hushuka na njia za hewa hubana. Waliona kwamba hali hiyo inafanana mno na ya mnyama aliyepatwa na mshtuko wa mzio. Mwaka 1927 Dale na wenzake wakathibitisha kwamba histamini si mgeni mwilini, kwani imo ndani ya mapafu na ini siku zote. Leo tunajua kwamba huhifadhiwa katika seli za ulinzi zilizotapakaa kwenye ngozi, pua, macho na mapafu. Mwenye mzio akivuta vumbi au chavua, seli hizo hupasua ghala zao. Histamini humwagika, pua huvimba na kutoa kamasi, macho huwasha, chafya huanza.

Mwaka 1914, kutoka kwenye ergoti ile ile, Dale alieleza kemikali ya pili: asetilikolini. Hii ilipunguza kasi ya moyo na kuamsha tezi. Miaka michache baadaye, mjini Graz nchini Austria, Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya chura inayodunda ndani ya maji ya chumvi. Aliusisimua mshipa wa neva wa moyo mmoja mpaka ukapunguza mwendo. Kisha akayachota maji yaliyouzunguka moyo huo na kuyamimina kwenye wa pili. Moyo wa pili nao ukapunguza mwendo, ingawa hakuna neva yake iliyoguswa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1921 na kuonyesha kwamba neva hutuma ujumbe kwa kemikali, na tarishi huyo akaja kutambulika kuwa ni asetilikolini. Mwaka 1936 Dale na Loewi waligawana Tuzo ya Nobel.

Tarishi huyu ndiye anayetuhusu hapa. Harufu ya pilau ikikufikia, ubongo hutuma amri, neva humwaga asetilikolini kwenye tezi za mate, na kinywa hujaa. Tarishi huyo huyo huamsha tezi za machozi, husukuma utumbo na hukibana kibofu kitoe mkojo.

Kufuli za kiwanda kimoja

Aliyewahi kusoma shule ya bweni anakumbuka kisa cha tranka. Unanunua kufuli mpya, unafunga sukari na biskuti zako, unalala kwa amani. Wiki ya pili unagundua kwamba ufunguo wa jirani yako unaingia kwenye kufuli yako vizuri kabisa. Hakuna mwizi aliyechonga ufunguo. Kufuli zote mbili zimetoka kiwanda kimoja na matundu yake yamekaribiana umbo.

Ndani ya mwili, kemikali hufanya kazi kwa kuingia kwenye vipokezi vilivyo juu ya seli, kama ufunguo unavyoingia kwenye kufuli. Mwaka 1937, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, Daniel Bovet na mwanafunzi wake Anne-Marie Staub walipata kemikali ya kwanza iliyozuia kazi ya histamini. Iliingia kwenye kufuli ya histamini bila kugeuka, ikabaki mle, na histamini ilipokuja ikakuta tundu limezibwa. Kemikali yenyewe ilikuwa na sumu mno kwa binadamu, lakini njia ilikuwa imefunguka, na Bovet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1957. Mwaka 1943 George Rieveschl wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, aliyekuwa akitafuta dawa ya kulegeza misuli, alitengeneza difenihidramini. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 klofeniramini, dawa iliyomo ndani ya Piriton, nayo ilikuwa tayari.

Dawa hizo ziliwapa watu nafuu ambayo wazazi wao hawakuijua, na hilo tusilisahau. Lakini zilikuwa funguo za tranka mbili. Zilipoziba kufuli ya histamini puani, ziliziba pia kufuli ya asetilikolini kwenye tezi za mate. Tarishi akagonga, tezi haikusikia.

Sababu ya kuchanganya hivyo ilizidi kueleweka wanasayansi walipoanza kuzisoma kufuli zenyewe. Mwaka 2011 watafiti walichapisha umbo la kipokezi cha histamini kiitwacho H1, na mwaka uliofuata yakafuata maumbo ya vipokezi viwili vya asetilikolini. Vyote ni vya ukoo mmoja mkubwa. Ajabu zaidi, ukilinganisha namna vilivyojengwa, H1 inafanana zaidi na vipokezi hivyo vya asetilikolini kuliko inavyofanana na H2, kipokezi kingine cha histamini hiyo hiyo, kinachohusika na asidi ya tumboni. Jirani wa bweni amefanana na wewe kuliko ndugu yako.

Wakulima wetu wanajua mfano mkali wa kufuli ya asetilikolini inapozibwa. Mnanaha, gugu lenye ua jeupe mfano wa tarumbeta na tunda la miiba, lina atropini na skopolamini. Anayeula hukaukwa kinywa, mboni za macho humpanuka, moyo humwenda mbio na akili humvurugika. Dawa za kale za mzio ni hafifu mno ukizilinganisha na sumu hiyo, lakini ukavu wake hupita njia ile ile.

Kuanzia miaka ya 1980 vikaja vidonge vya kizazi cha pili: setirizini, loratadini na, baadaye, feksofenadini. Hivi vimechongwa kwa makini zaidi. Hushika kufuli ya histamini vizuri na kuigusa ya asetilikolini kidogo sana, tena haviingii kwa urahisi kwenye ubongo, ndiyo maana usingizi wake ni mchache. Setirizini yenyewe ni kile ambacho mwili huzalisha ukishaisaga haidroksizini, dawa ya kizazi cha kwanza. Wapo watu wachache ambao hata vidonge hivi huwakausha au kuwapa usingizi, hasa setirizini, lakini tofauti ni kubwa. Loratadini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Imani ya shangazi haikukosa chembe ya ukweli. Mafua ya virusi yakitiririsha pua, sehemu ya nafuu inayoletwa na dawa za kale hutokana na kukausha huko huko. Kwa siku mbili tatu, mtu mzima mwenye afya anaweza kuikubali bei hiyo. Mwenye mzio wa vumbi hana siku mbili tatu. Ana miezi, pengine miaka, na kinywa kilichokaushwa kwa miaka ni habari nyingine.

Kazi ya mate

Mtu mzima hutengeneza mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na huyameza bila kuyafikiria. Ndani yake mna chembe za kuua baadhi ya vijidudu, utelezi wa kulainisha tonge, na madini ya kalsiamu na fosfati. Kila ukila kitu chenye sukari au wanga, bakteria wa kinywani hukila pia na kutoa asidi. Ukali wa asidi hiyo ukivuka kiasi fulani, gamba gumu la jino huanza kuyeyuka. Mate huisafisha asidi, huipoza, kisha huyarudisha madini kwenye jino. Ni fundi anayeziba nyufa za ukuta kila baada ya mvua.

Fundi huyu akikosekana, matundu hutokea upesi, mara nyingi karibu na ufizi. Harufu ya kinywa hubadilika, fangasi hujenga utando mweupe ulimini, chakula kikavu hugoma kushuka, na wazee huona meno ya bandia hayashiki tena. Usiku hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu mate hupungua sana hata kwa asiyetumia dawa yoyote. Anayemeza klofeniramini akalala anaongeza ukavu juu ya ukavu.

Macho nayo huhisi kama yana mchanga, hasa kwa wanaovaa lenzi au kukodolea simu kwa saa nyingi. Haja kubwa huwa ngumu. Mzee mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kushindwa kabisa kukojoa, na mwenye aina fulani za presha ya macho anaweza kuzidiwa. Wakongwe wako hatarini zaidi: huweza kuchanganyikiwa na kuanguka. Ndiyo maana orodha ya tahadhari aliyoianzisha daktari Mark Beers wa Marekani mwaka 1991, na ambayo imekuwa ikisahihishwa mara kwa mara, inashauri wenye umri wa miaka 65 na zaidi waepuke dawa za mzio za kizazi cha kwanza.

Kuishi bila ukavu

Hatua ya kwanza si maji. Ni kuzungumza na mfamasia au daktari na kumuuliza: "Dawa hii ni ya kizazi gani, na ipo isiyokausha?" Mara nyingi jibu lipo kwenye rafu ile ile.

Hatua ya pili ni kuhesabu dawa zote unazotumia. Dawa nyingi za mafua na kikohozi zimechanganywa na klofeniramini, kwa hiyo mtu anaweza kuimeza mara mbili bila kujua. Baadhi ya dawa za sonona, za kibofu, za kichefuchefu na za presha hukausha pia, na ukavu wake hujumlishana. Chukua pakiti zote, uzitie mfukoni, uende nazo. Usiache dawa ya presha au ya akili kwa uamuzi wako mwenyewe.

Hatua ya tatu ni kuitibu pua mahali ilipo. Dawa ya kupulizia puani yenye steroidi hufanya kazi pale pale kwenye uvimbe, na kwa mtu ambaye pua yake huziba kila siku mara nyingi humfaa kuliko kidonge. Huhitaji kutumiwa kila siku, na nafuu kamili huchukua siku kadhaa. Ina faida ya pili pia: aliyeziba pua hulala mdomo wazi, na kupumua kwa mdomo usiku kucha hukausha kinywa hata bila dawa. Kuosha pua kwa maji ya chumvi nako husaidia: robo hadi nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupozwa. Usitumie maji ya bomba au ya kisima kabla ya kuyachemsha.

Pamoja na hayo, kuna ya kujihifadhi wakati ukavu ungalipo. Kunywa maji kwa mafunda madogo siku nzima kuliko kuyabugia kwa mkupuo, maana bilauri nzima hupita kooni na baada ya nusu saa kinywa kimerudi kilipokuwa. Tafuna, kwa sababu kutafuna huziamsha tezi: bigijii isiyo na sukari, punje ya iliki kama wafanyavyo watu wa pwani baada ya chakula, au mswaki wa mti. Jihadhari na ubuyu wa sukari, soda na pipi. Vitu hivyo huleta mate kwa dakika chache, lakini humwaga sukari mahali ambapo fundi wa ukuta hayupo. Embe mbichi na ukwaju navyo huchuruza mate, ila asidi yake hulila jino kinywa kikiwa kikavu, basi isiwe tabia ya kila saa. Sigara, pombe na dawa za kusukutua zenye alkoholi huongeza ukavu.

Piga mswaki asubuhi na usiku kwa dawa ya meno yenye floridi, uteme povu bila kusukutua kwa maji mengi. Anayeishi penye maji yenye floridi nyingi, kama baadhi ya maeneo ya Arusha, amuulize daktari wa meno kuhusu watoto wake, kwa sababu wao humeza dawa ya meno. Kwa macho, yapo matone yanayofanana na machozi, na kupepesa kope kwa makusudi mbele ya kioo cha simu hakuna gharama.

Wafungaji wa Ramadhani wanastahili neno lao. Klofeniramini hutakiwa kurudiwa kila baada ya saa kadhaa, jambo ambalo haliwezekani mchana wa saumu, na ikimezwa wakati wa daku humwacha mtu na kinywa kikavu mchana kutwa asichoweza kukilowesha. Vidonge vya kizazi cha pili kwa kawaida humezwa mara moja kwa siku, hivyo vinaweza kutumiwa baada ya futari. Feksofenadini imezwe kwa maji matupu, maana juisi ya chungwa, balungi au tufaha huzuia isifyonzwe vizuri.

Na ikiwa dawa imebadilishwa lakini ukavu umebaki, usiendelee kuilaumu dawa. Kiu isiyokatika pamoja na kukojoa sana inaweza kuwa kisukari. Kinywa na macho vikavu pamoja na maumivu ya viungo vinaweza kuwa ugonjwa wa Sjögren, uliopewa jina la daktari wa macho wa Sweden, Henrik Sjögren, aliyeueleza mwaka 1933. Yote mawili huchunguzwa hospitalini.

Swali moja

Shangazi hakuambiwa haya na daktari wa pua wala na muuza dawa. Aliambiwa na daktari wa meno, siku aliyokwenda kung'olewa gego la pili ndani ya mwaka mmoja. Daktari yule alimulika taa kinywani, akaona ulimi uliopasuka kama tope la kiangazi, akaweka chini vifaa vyake na kumuuliza: "Mama, unatumia dawa gani?" Katika miaka yote ya chaki, hakuna aliyewahi kumuuliza.

Alibadilishiwa kidonge. Chafya hazikurudi kama alivyohofia. Kilichorudi ni mate, na wiki ile alituambia kwamba ameonja tena ladha ya mkate wa kumimina kama alivyokuwa akiujua zamani. Pipi za ndimu ziliisha kwenye droo na hakununua nyingine.

Magego mawili hayakurudi. Kila nikimwona mtu akitoka duka la dawa na kidonge cha mzio, nakumbuka pengo lile, na natamani kumsimamisha nimwulize lile swali moja kabla daktari wa meno hajawa wa kwanza kumwuliza.